Jina la Mpiganaji wa Kijivu

Kuna watu ambao nikiwaambia kisa hiki hucheka kabla sijafika katikati, na siwalaumu. Ningekuwa wao, ningecheka pia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa kwenye hicho chumba, na padi ya gemu ilikuwa mikononi mwangu. Sikuwa nimekunywa kitu. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa mchana, saa tisa hivi, mvua ikinyesha Bungoma kama kawaida yake. Kwa hivyo sikiliza kwanza. Kucheka utacheka baadaye, ukitaka.

Niliacha shule darasa la saba, kule Naitiri. Si kwamba sikuelewa masomo. Shida yangu ni kwamba sikuweza kukaa mahali pamoja. Nikisikia kuna kitu sijakiona, miguu inawasha. Nimepakia magunia ya mahindi Kitale, nimekoroga zege, nimeshika tochi ya fundi wa redio miezi mingi bila kuchoka, kwa sababu tu nilitaka kujua sauti inakaa wapi ndani ya kile kisanduku. Fundi huyo ndiye aliyenipa ile mashine. Ilikuwa imelala kwenye kona ya duka lake, imejaa vumbi, waya zimetafunwa na panya. Akasema, "Ukiiamsha, ni yako." Nikaiamsha.

Ilikuwa mashine ya gemu, ile ya kuunganisha na televisheni, na kaseti yake ilikuwa moja tu. Gemu ya kupigana. Mambo yake ni ya wakati ambao haujafika: watu wameshahamia kwenye nyota, na huko wanagombana vilevile. Wapiganaji walikuwa kumi na wawili. Kulikuwa na mmoja mwenye mikono minne, mzee mmoja anayeishi ndani ya chupa ya maji, na mwanamke wa chuma anayetoa radi machoni. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa wa rangi ya kijivu, hana sura, uso umelainika kama jiwe la mtoni. Huyo hakuwa na jina. Ukimchagua, gemu inakutaka umpe jina la herufi sita, na kaseti inalikumbuka hata ukizima, kwa sababu ndani yake mna betri ndogo. Kijitabu kilisema akiwashinda wenzake wote kumi na mmoja, chombo kinashuka kutoka juu kumrudisha kwao. Hakuna aliyewahi kuona hayo. Mimi mwenyewe sikuwahi kumpita adui wa saba.

Nilikuja na mashine hiyo Bungoma. Barasa, fundi wa baiskeli niliyejuana naye sokoni, akanipa chumba cha mbele cha nyumba yake, akaleta na televisheni. Vijana wakaanza kujaa. Sheria ilikuwa moja: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anampa mwenzake padi. Mimi nililala humo humo, juu ya benchi. Chumba cha nyuma walikaa Barasa na mkewe Nekesa, na katikati yetu palikuwa na pazia tu.

Mwaka huo Nekesa akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto akaanza kulia, na hakunyamaza.

Kwetu, mtoto akilia namna hiyo, watu wanajua kuna mtu anayetaka kuitwa. Mmoja wa marehemu wa ukoo anataka jina lake lipate mahali pa kukaa. Kwa hivyo mama yake Barasa aliletwa kutoka Kibabii. Sote tulimwita Kukhu, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu. Alimpakata mtoto karibu na mlango wa nyuma, akaanza kutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine, polepole. Likitajwa la mwenyewe, mtoto hunyamaza na kushika ziwa. Siku ya kwanza hakunyamaza. Siku ya pili pia. Alikuwa amekataa kunyonya, na Nekesa alikuwa ameanza kumtazama mwanawe kwa jicho la kuaga.

Sasa, mashine yangu nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Ikipata joto ilitoa sauti nyembamba, kali, ya kuendelea. Siku hiyo ya pili ikaanza kulia mchana, vijana wamejaa, na nyuma ya pazia mtoto analia.

"Sikiza, bana," akasema Wanjala, kijana mrefu asiyeweza kuacha jambo lipite bila mzaha. "Nyuma mmoja analia, mbele mwingine analia. Hawa si ni mapacha?"

"Basi hata hii inataka jina," mwingine akadakia. "Si huyo ndiye mama yake? Mwambie aiite!"

Walikuwa wananielekezea kidole mimi. Na mimi, ambaye sijui kukataa kujaribu kitu, nikajitanda taulo kichwani, nikainamia mashine, nikaigiza sauti ya Kukhu ikitetemeka. "Ni wewe, Masika? Ni wewe, Wekesa? Ni wewe, Wafula?" Watu wakashika mbavu. Nilikuwa nayataja majina ovyo, yale tu yanayonijia mdomoni. "Ni wewe, Simiyu?"

Mashine ikanyamaza.

Haikufifia. Ilikatika, kama mtu aliyeshikwa mdomo. Wakapiga makofi. Wanjala akanisukuma, "Ati umempata! Mwandike basi!" Nikamchagua yule wa kijivu, nikaandika SIMIYU. Herufi sita kamili. Nakumbuka kwamba wakati ule Kukhu naye aliacha kutaja majina. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya mchezo wangu. Mtoto peke yake ndiye aliyeendelea.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu saa sita, na vijana hawakuja. Niliketi peke yangu nikicheza. Mwanamume mmoja akaingia, mtu mzima, koti la kahawia, makapi ya mahindi yamemjaa kwenye nywele, kama watu wa mashine za kupukuchua kule Kitale. Hakunisalimu. Akaketi kwenye benchi kando yangu, akachukua padi ya pili.

Nikafikiri, mteja. Nikamwanzishia pambano. Yeye akapata yule wa kijivu. Mimi nilikuwa na yule wa mikono minne, nikampiga, nikampiga tena. Wa kijivu hakurudisha ngumi. Alisimama tu, mikono imening'inia.

"Mzee, bonyeza," nikamwambia. "Hiyo ya kulia ni ngumi."

Akatazama televisheni kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Umenipa mwili wa namna gani, kijana?"

Sikuelewa. Nilifikiri analalamikia mpiganaji.

"Hauna tumbo," akasema. "Humo ndani hakuna njaa. Njaa si mbaya vile mnafikiria. Mtu akisikia njaa anajua yuko."

Niamini, hapo nilitaka kusimama na sikuweza. Si kwa woga. Ni ile hali ya kumsikiliza mtu anayesema kitu ambacho umekuwa ukikitafuta bila kujua.

"Nilikuwa nimeshafika mlango wa nyuma," akaendelea. "Nimesimama hapo nikingoja mama aniite. Anawaita wote. Mimi ananiruka. Halafu wewe ukaniita huku mbele. Mtu akiitwa huitika, sivyo?"

Aliweka padi chini. "Mwambie mama amchinje yule jogoo. Wageni wamle. Asiningoje tena."

Nikageuka kumtazama vizuri, na wakati huohuo Barasa akaingia kutoka nje, anakung'uta maji. "Wewe, mbona unakaa gizani ukitazama ukuta?" akaniuliza. "Stima imepotea tangu saa sita."

Nikaangalia televisheni. Ilikuwa nyeusi. Kando yangu hapakuwa na mtu. Kwenye padi ya pili, katikati ya vitufe, palikuwa na makapi ya mahindi.

Nilimwuliza Barasa jambo moja tu: kama ana ndugu anayeitwa Simiyu. Akanivuta mkono hadi mlangoni. "Nani amekuambia? Usimtaje mama akisikia." Simiyu alikuwa kaka yake mkubwa. Alikwenda Kitale kutafuta kazi, miaka ikapita, hakuna barua, hakuna salamu. Watu walishaanza kusema amekufa, lakini Kukhu alikataa. Kumwita juu ya mtoto ni kukiri kwamba amekufa, na mama huyo hakuwa tayari. Kwa hivyo aliwataja marehemu wote wa ukoo, akamruka mmoja.

Sasa nikuulize wewe, ungefanya nini? Mimi nitakuambia ukweli: nilikunja blanketi yangu. Nilijua wangesema mimi ni mchawi, na barabara ya Kitale iko pale pale. Nimeondoka mahali pengi kwa sababu ndogo zaidi. Lakini nilipofika mlangoni nikamsikia mtoto. Hakuwa analia tena. Sauti ilikuwa imekwisha, amebaki kukwaruza tu, kama msumari kwenye bati. Nikairudisha blanketi, nikapita pazia.

Nilimweleza Kukhu huku nimetazama sakafu. Nilimwambia habari ya taulo, ya kuigiza sauti yake, na ya mtu mwenye koti. Yale maneno ya njaa sikuyasema. Sijui kwa nini, nilihisi nimepewa mimi. Nilipofika kwa jogoo, Nekesa akashika mdomo. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyumbani Kibabii Kukhu alikuwa na jogoo aliyemwekea Simiyu, wa kuchinjwa siku atakayorudi. Kila jogoo akizeeka aliweka mwanawe mahali pake, na hakuna mgeni aliyewahi kuchinjiwa huyo, hata pasta.

"Yuko wapi?" Kukhu akauliza.

"Kwa mashine, Kukhu. Ninaweza kulifuta jina. Ni kubonyeza tu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Jina la mtu halifutwi, mwanangu. Wewe ulimpeleka huko. Mtoe."

Stima ilirudi saa kumi na moja. Kukhu akaketi kwenye benchi palepale alipoketi mwanawe, mkoba wake magotini. Njia ya kumtoa ilikuwa moja, ile ya kijitabu: awashinde wote, aondoke kama mshindi. Mimi, ambaye sikuwahi kumpita wa saba.

Nilicheza nikianguka na kuanza upya, nikianguka na kuanza upya. Kila wa kijivu alipopigwa, Kukhu alishtuka. "Huyo mwenye mikono mingi ana ubaya gani na mtoto wangu?" akauliza. Nilikaribia kucheka, nikaona machozi yake. Nikampita wa saba. Nikampita mzee wa chupa. Nikafika kwa mwanamke wa chuma, wa kumi na moja, na hapo jasho likanishinda. Padi ikateleza, ikaanguka sakafuni.

Nikainama kuiokota. Kukhu akanishika bega.

"Mwache," akasema. "Anakwenda mwenyewe."

Na kweli, wa kijivu alikuwa anatembea. Padi iko sakafuni. Alikwenda mbele, radi ikimpiga kifuani, hakuinua mkono hata mara moja. Akampita yule mwanamke kama mtu anayepita sokoni. Chombo kikashuka. Herufi za jina zikazimika moja moja, kuanzia ya kwanza.

Kukhu hakungoja ya mwisho. Alitoka mlango wa mbele, akazunguka nyumba yote kwenye matope, mzee yule, akafika mlango wa nyuma, akaufungua mwenyewe. Nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula: "Simiyu. Ingia."

Mtoto akapiga chafya. Kisha kimya. Kisha ile sauti ndogo ya mtoto anayenyonya kwa pupa. Na sasa aliyelia alikuwa Kukhu. Alilia hadi majirani wakaja, na kwa mara ya kwanza aliwaruhusu wamwambie pole.

Jogoo alichinjwa Jumamosi. Nilipewa paja.

Tangu siku hiyo kwenye kaseti ile kuna wapiganaji kumi na mmoja. Mahali pa wa kijivu pana mraba mweusi. Yule fundi wangu wa redio, wa Kitale, aliifungua, akatazama, akasema hajui. Niliirudisha kwa Barasa ikakaa juu ya kabati, ndani ya boksi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuiwasha. Mimi nikaendelea na safari zangu, ila sasa kila Krismasi narudi Naitiri na kujionyesha kwa watu wangu, waone niko hai. Nimekuwa mtu wa kutuma salamu. Simiyu alikuwa mtu wa barabara kama mimi, na huwa najiuliza, nikianguka kwenye mji nisikojulikana, nani atajua kwamba wakati wa kuniita umefika?

Niliwatembelea Barasa mtoto akiwa na miaka minne. Alikuwa mtoto mzuri, mlaji hodari, ameketi mbele ya sufuria ya ugali akikwangua ukoko. Aliniona nikilitazama lile boksi juu ya kabati, akaacha kukwangua.

"Humo ndani hakuna njaa," akaniambia, kisha akarudia ukoko wake.

Maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza. Kwa hivyo cheka sasa, kama bado unataka. Lakini ukiwa na kitu kinacholia mbele yako, iwe redio, iwe mashine, iwe simu, usikitajie majina ya watu kwa mchezo. Hujui ni nani amesimama mlango wa nyuma akingoja kuitwa. Na kama kwenu kuna mmoja mnayemruka, mwiteni.