Godoro Kichwani

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, mke wa mzee alikunja godoro lao, akalifunga kamba. Pamba ilikuwa imekimbilia upande mmoja, na mzee alikuwa amelala bondeni mwaka mzima.

"Nitalipitisha kwa fundi nikitoka kazini," alisema. "Wewe usijilaze sakafuni, halafu uniambie mgongo."

"Mgongo ni wangu."

"Kelele nazisikia mimi."

Akajitwika, akatoka. Kesho yake presha ilimwangusha, hakuinuka tena.

Kazi yake ilikuwa kuvuka barabara. Katika uwanja wenye uzio, gari lisilo na dereva lilikuwa likifundishwa kutambua watu, na yeye ndiye aliyekuwa mtu. Juu ya paa la gari palikuwa na kidude kama kopo, kinazunguka na kurusha miale isiyoonekana kwa macho. Miale ikigonga kitu hurudi, gari likajua kitu kile kiko umbali gani. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa vitone vitupu. Gari lilitazama umbo la vitone, likataja jina: mtu, baiskeli, mbwa. Miaka miwili mama alivuka mikono mitupu, na halikumkosea hata siku moja.

Siku hiyo ya godoro alikuwa amechelewa. Akakatiza uwanjani na godoro lake kichwani, ncha zikining'inia mpaka kiunoni. Gari lilikuwa mwendoni, likasimama. Injinia, binti mmoja mpole, akatazama skrini, akacheka mpaka akashika mbavu. Gari lilikuwa limeandika: kibanda.

Msimamizi hakucheka. Gari lilitakiwa kuingia barabarani Jumatatu. "Si limesimama, mama? Andikeni limefaulu."

Mama alimjibu, kisha akalitua godoro mbele ya gari, akalikalia. Alisema habanduki mpaka iandikwe limeshindwa. Msimamizi akamtishia kibarua. Akaambiwa akichukue.

Jioni alirudi na godoro lilelile, akasema fundi amefunga mapema. Mengine hakusema.

Mzee aliyasikia kwa injinia, alipokuja kumpa pole miezi miwili baada ya mazishi. Jumatatu ile gari halikutoka. Tangu hapo linavukiwa na watu wenye magodoro, mabeseni, watoto mgongoni, na wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, lilitazama mtu aliyejitwika godoro, likaandika: mtu. Akamsomea mzee fomu ya jaribio la siku ile. Penye sababu ya kushindwa, injinia alikuwa ameandika kama mama alivyomjibu msimamizi:

"Limeogopa kibanda, halijaniona mimi. Kibanda hakighairi katikati ya barabara. Mimi naghairi kila siku."