Kilemba Kilichoniziba Masikio

Nichekeni tu, maana hata mimi najicheka mpaka uzee huu. Enzi za Mwingereza nilikwenda Kijenge, pale Arusha, kuomba kazi ya yaya kwa memsabu mmoja, mama wa Kizungu. Nikiikosa, baba ananioza kwa mzee Lesiani wa Nduruma. Jirani yangu Naomi akanitisha: "Masikio marefu hivyo? Wazungu hawayataki!" Basi ndewe zangu, yaani nyama za chini ya masikio zilizotobolewa na kuvutwa, zilizoning'inia karibu na mabega kama za kila msichana wa Kiarusha wakati ule, nikazikunja juu ya masikio, nikakaza kilemba hadi nisisikie kitu.

Memsabu, amempakata binti yake Meri, akaanza kuniuliza. Mimi naona midomo tu.

"Ndiyo, memsabu," nikajibu. Akauliza tena. "Ndiyo, memsabu." Akakunja uso.

Akamwashiria mpishi wake, Lazaro, naye akanifungua kilemba. Ndewe zikaporomoka zote mbili.

"Dada, unasikia sasa?" Lazaro akafoka. "Umeulizwa kama unapiga watoto, umekubali! Kama unaiba, umekubali!"

Nikainama kuomba radhi. Meri akadaka ndewe moja, akaivuta, akacheka.

"Mtoto akikuachia," memsabu akasema, "nenda zako."

Meri hakuniachia, na mzee Lesiani hakunioa.