Kitabu cha Mkunga na Rafu ya Ushirikina

Wasomaji walimwita Mama Shii, maana kwa miaka kumi na tisa aliyokaa kaunta ya maktaba ya mji, hilo ndilo neno lililomtoka zaidi mdomoni. Alipotimiza miaka hamsini na mmoja, shahada ya kwanza aliyoisotea kwa masomo ya jioni ikiwa kabatini, alijiandikisha chuo kikuu kusomea uzamili wa ukutubi.

Kaka yake alicheka hadi chai ikampalia. "Uzamili wa kupanga vitabu? Kwani vinakimbia?"

"Havikimbii," alimjibu. "Vinafichwa."

Darasani walikuwa kumi na wanne, wengi wao wadogo kwa binti yake. Wiki za mwanzo alikiona cha moto. Nywila zilimpotea, kompyuta ikamgomea, na mara mbili alituma kazi ya wiki iliyopita. Akakaa na binti yake Jumamosi nzima mpaka mashine ikamtii.

Katikati ya muhula, mhadhiri wa uainishaji, kijana mpole asiyekosa tai shingoni, aliwapa vitabu thelathini wavipangie namba za rafu. Kimoja kilikuwa kijitabu cha mkunga wa jadi. Katika orodha ya chuo, vitabu vya namna hiyo vilikaa Imani na Ushirikina. Mama Shii alikipeleka Tiba, sehemu ya uzazi. Kazi ikarudi na alama nyekundu ya kosa.

Akamfuata ofisini. "Mwalimu, hapa nimekosa nini?"

"Mfumo, Mama. Mfumo unasema kiende kule."

"Umekisoma?"

Mhadhiri akakohoa kidogo.

"Mimi nimekisoma mara mbili. Hakuna jini humo. Kuna dalili za mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na wakati gani mama akimbizwe hospitali. Mjamzito akija kwangu kaunta, nimpeleke rafu ya wachawi?"

"Nakuelewa, Mama. Lakini badilisha tu namba, nikurudishie alama zako. Ukishahitimu utafanya utakavyo."

"Nikiandika nisichokiamini ili nifaulu, nitakuwa nimefaulu nini?"

Hakubadilisha. Matokeo yalipotoka, somo hilo alikuwa amepita kwa kuponea chupuchupu. Machozi yalimlenga, kwani katika masomo mengine yote alikuwa wa pili au wa tatu.

"Ungekubali tu yaishe," kaka yake alimwambia, safari hii bila kucheka.

"Yangeisha kwangu. Kwenye rafu yangebaki."

Likizo ilipofika alirudi kazini, akahamisha kwa mikono yake vitabu tisa kutoka rafu ya ushirikina hadi Tiba, nakala ya maktaba ya kile cha mkunga ikiwemo. Mkuu wa maktaba akaja juu, akamtaka ajieleze kwa maandishi. Akajieleza kurasa nne, na akaambatisha kumbukumbu za kuazima: kitabu cha mkunga kilikuwa kimetoka mara mbili kwa miaka kumi na mmoja, sasa kilitoka mara sita kwa mwezi mmoja. Mkuu alisoma, akaguna, akaitia barua kwenye faili. Vitabu havikurudishwa rafu ya zamani.

Alama nayo haikurekebishwa. Muhula wa pili ulipokaribia, binti yake alimsihi achague kozi ya mhadhiri mwingine, asije akaonewa tena.

"Hajanionea, mwanangu. Tumebishana, na bado hatujamaliza."

Akajiandikisha kwa yule yule, na siku ya kwanza akaketi mstari wa mbele.