Majani Niliyowapa Ng'ombe wa Masanja

Mpaka leo nikikutana na watu wa Kasense nina mzigo kichwani, huwa natazama chini, maana najua wanakumbuka nini, na nyie msinicheke kabla sijamaliza.

Kiwanda chetu cha nguo kule Dar es Salaam kilipouzwa tukapunguzwa kazi, nikarudi Kasense, kijiji cha Ufipa nilichoondoka nikiwa mtoto, kwenye shamba aliloniachia baba, nikamwacha mke wangu Rehema kwa dada yake. Stendi aliniambia, "Ukishapanda maharage niandikie, nitakuja. Usiniandikie kwamba utapanda." Nikaondoka na maneno hayo, na harufu ya mafuta yake ya nazi kwenye kola ya shati (sikulifua wiki tatu).

Mvua zikanyesha, majani yakanifika kifuani. Jirani yangu, Mama Sekunda, akanipikia pombe ya ulezi na kualika watu waje Jumamosi kunilimia matuta. Mimi niliyezoea kufagia uwanja kila asubuhi nikaona aibu wageni wakute pori, basi nikafyeka siku mbili, nikamwita Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe pale kilimani, akayasomba yote kwa mkokoteni huku akinishukuru mpaka nikajiona mtu mwema. Jioni shamba lilikuwa jeupe, nikamwona Rehema kabisa, amesimama katikati yake.

Jumamosi watu ishirini wakafika na majembe, wakasimama ukingoni mwa shamba.

"Majani yako wapi?" akauliza Mama Sekunda.

"Nimeyatoa, mama. Nimewasafishia."

"Mwanangu, tuta la kwetu linafukiwa majani. Yakioza ndiyo mbolea. Sasa tufukie nini, upepo?"

"Tumfukie mwenyewe," akasema Oresti, jirani wa upande wa pili. "Ingawa naye hana nyama."

Ningekaa chini yangeishia hapo. Nilikimbia hadi zizini kwa Masanja, nikazoa mabaki, nikajitwika, nikateremka mbio, na ng'ombe (walikuwa hawajamaliza kula) wakanifuata, kwa hiyo niliingia shambani mimi mbele na suruali yangu ya mtumba yenye marinda, wao nyuma, na mmoja akapitiliza hadi kwenye mtungi wa pombe akaingiza mdomo. Mama Sekunda alicheka mpaka akalala kwenye udongo.

Mzigo ule ulitosha matuta matatu. Wakanywa pombe iliyosalia, wakaenda kumlimia mtu mwingine.

Matuta matatu yalitoa maharage ya sufuria moja. Sikuyapika. Niliyafunga kwenye kitambaa, nikampa kondakta wa basi ayafikishe kwa Rehema pamoja na barua fupi: nimepanda. Naye akajibu kwa ufupi huohuo: "Nimeyala peke yangu, matamu. Nitakuja yakiwa ya watu wawili."

Sasa mvua zimerudi. Fyekeo nimelipeleka kwa Mama Sekunda alifungie ndani, na nimeapa sitaligusa hata nikiona nyoka. Jioni nasimama katikati ya majani, yananifika kifuani, natazama barabara ya mabasi. Jumamosi watu wanakuja na majembe.