Upawa wa Buluu

Abigail alisingiziwa. Alisingiziwa mbele ya watu arobaini waliokaa mezani, na aliyemsingizia ni Yoram, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Wayahudi aliyokuwa ameipikia miaka saba, ghorofa ya nne ya jengo moja la Xiaobei, hapa Guangzhou. Ilikuwa Ijumaa mchana, mwezi wa nne. Upawa wa buluu ulikutwa umezama kwenye mchuzi wa nyama, naye Yoram akanyoosha kidole: "Ni mpishi." Hakumuuliza hata neno moja.

Asiyelijua jiko la Kiyahudi anaweza kucheka. Kwao nyama na maziwa havikutani. Vyombo vyekundu ni vya nyama, vya buluu ni vya maziwa, hata sinki ni mbili. Upawa ule ulikuwa umekoroga uji wa maziwa asubuhi hiyo hiyo. Rabi wao alikuwa safarini. Alipopigiwa simu akasema mchuzi wote umwagwe. Abigail aliachia shule darasa la pili, akaja China na wanawake wa Nairobi wanaonunua viatu soko la Zhanxi, akiwapikia ugali hotelini. Kuandika hajui zaidi ya jina lake. Lakini nyekundu na buluu anazijua.

Hawakumfukuza. Walimwondoa motoni tu. Akabaki kumenya viazi, kuosha vyombo na kupeleka chai. Upishi akapewa Dafna, mwalimu wa watoto wao, mwanamke mwenye roho nzuri na mkono mbaya. Kwa miezi mitano jumuiya nzima ilipungua mwili.

"Si uondoke?" Wangari, rafiki yake anayesafirisha mizigo kutoka mtaa wa Sanyuanli, alimwuliza. "Mikahawa imejaa mji huu."

"Nikiondoka nitakuwa yule mpishi aliyewachanganyia vyombo. Siondoki mpaka jina langu lisafishwe."

"Basi utazeeka hapo na sabuni mkononi."

"Nitazeeka nayo. Kwani wewe unazeeka na nini?"

Ikafika Jumatano moja ya mwezi wa tisa, wiki mbili kabla ya mfungo wao mkubwa wa toba. Viongozi watatu walikaa kwenye meza ndefu: Yoram, Dafna, na Mzee Elbaz, muuza vitambaa aliyezaliwa Kasablanka. Walitaka kuandika ukurasa mmoja wa somo la watoto: Uzayuni maana yake ni nini siku hizi. Mchuzi wa Dafna ulikuwa unachemka jikoni. Abigail alisimama na birika la chai.

"Andika," Yoram alimwambia Dafna. "Uzayuni ni mlango unaoufunga mwenyewe kwa ndani. Babu yangu hakuwa nao. Waliokuja kumchukua waliingia tu. Nukta."

"Nukta ya nini, mwanangu?" Mzee Elbaz akasema. "Mimi nasali mara tatu kwa siku nimeelekea Yerusalemu. Kila mwaka nasema, mwaka ujao Yerusalemu, na kila mwaka mwezi wa kumi mnanikuta kwenye maonyesho ya biashara nikipigania kibanda. Miaka thelathini! Mungu ameshaacha kuniamini. Kwangu mimi ni hamu."

"Hamu haizuii risasi, Mzee."

"Na risasi haifundishi watoto," Dafna akadakia. "Hawa wana simu. Wanawaona wanaokufa kwetu, wanawaona wanaokufa Gaza. Juzi binti wa miaka kumi na miwili kaniuliza: mwalimu, kama sisi tulikuwa tunarudi nyumbani, wale tuliowakuta walikuwa nyumbani kwa nani? Nimjibu nini?"

"Mwambie kwao," alisema Mzee Elbaz. "Na kwetu pia. Ndiyo maana ni vigumu."

"Mwambie na hili," Yoram akasema, "kwamba hakuna nchi nyingine iliyotutaka."

"Uongo! Waingereza walitupatia Uganda!" Mzee akacheka mpaka kikombe kikatikisika. "Zaidi ya miaka mia iliyopita. Mkutano mzima wa Wazayuni uligombana, wengine wakalia. Mwisho wakatuma watu watatu wakaikague."

Dafna akatafuta kwenye simu, akasoma kwa taabu: "Uasin... Gishu."

Abigail akaliweka birika mezani.

"Hapo si Uganda," akasema. "Hapo ni Kenya, na ni kwetu. Nimezaliwa hapo. Ng'ombe wa babu yangu walilisha hapo."

Wote watatu wakamgeukia kama waliosikia kiti kikisema.

"Kumbe tungekuwa majirani!" Mzee Elbaz akapiga meza.

"Majirani kabisa. Bwana mwenyekiti angekuwa analima mahindi na kulalamikia bei ya mbolea. Watoto wenu wangekuwa wanashinda mbio."

Yoram alicheka mpaka akafuta machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano kumtazama Abigail usoni.

"Hao watatu," Abigail akauliza, "walipofika kwetu walimuuliza nani?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama mje. Babu wa babu yangu alikuwa pale, na mdomo alikuwa nao. Hao Waingereza waliowapa, walimuuliza? Watatu wenu je, walimuuliza?"

Dafna aliweka kalamu chini.

"Sidhani," Mzee Elbaz akasema polepole. "Walirudi wakasema hapafai, basi. Sijawahi kusikia kwamba aliulizwa mtu."

"Hata mimi sikuulizwa," Abigail akasema, akimmiminia Yoram chai bila kumwangalia.

Yoram akainuka. Ana tabia moja inayojulikana na wote: mazungumzo yakimwendea vibaya, anashikwa na njaa. Akaelekea jikoni. Dakika moja baadaye Dafna akamfuata kuchukua sukari, na hapo ndipo jengo zima liliposikia sauti yake.

"Yoram! Upawa!"

Alikuwa ameinamia sufuria ya nyama, midomo inang'aa mafuta, na mkononi ameshika upawa wa buluu uliotoka kukoroga maziwa ya chai. Alikuwa ameuokota wa kwanza kwenye kichanja, bila kuangalia.

"Naonja tu," akasema.

"Na mwezi wa nne," Abigail akamwuliza toka mlangoni, "ulikuwa unaonja pia?"

Masikio ya Yoram yaligeuka rangi ya vyombo vya nyama.

Mchuzi ukamwagwa. Wakala mkate, matango na mayai. Mzee Elbaz alisema amewahi kuona chakula kikitupwa na akahuzunika, lakini leo anajitahidi na huzuni haiji. Dafna akamchapa kwa kitambaa cha mezani. Kisha mzee akaenda jikoni, akawasha jiko la gesi kwa mkono wake, kwa kuwa sheria yao inataka moto uwashwe na Myahudi.

"Mama Abigail," akasema, "mimi nimewasha. Wewe pika."

Kabla jua halijazama, Yoram alituma ujumbe kwenye kundi la jumuiya: kama nimemkosea yeyote mwaka huu, naomba anisamehe. Dafna alimsomea Abigail.

"Huyo Yeyote ndiye nani?" Abigail akauliza. "Simjui."

Mzee Elbaz alikubaliana naye. Alisema mfungo hausafishi kosa la mtu kwa mtu, hata ukiziba kinywa juma zima, mpaka uende kwa uliyemkosea umwombe mwenyewe.

Kesho yake Yoram alikuja mlangoni mwa jiko, maji ya sinki yakiwa yanatiririka, akanong'ona: "Pole, Abigail."

"Siyo hapa, bwana mwenyekiti. Hukunisingizia hapa."

"Wapi basi?"

Akamwonyesha meza ndefu kwa upawa mwekundu.

Wangari aliposikia alishika kiuno. "Jiko umerudishiwa, mkosaji amekuja kwa miguu yake. Unataka nini tena, taji?"

"Jiko nimerudishiwa na Mzee. Jina bado."

Leo Ijumaa, watu watakuwa wale wale arobaini. Nyama imeiva, nayo inanukia mpaka barabarani. Yoram, mwenyekiti, anadaiwa sentensi moja, aiseme amesimama kwenye meza ile ile, kwa sauti ile ile ya mwezi wa nne: kwamba siku ile upawa ulikuwa mkononi mwake.