Moto wa Ndani ya Muchezo

Hii habari, batoto, alinielezea muke wa mutoto wangu, akirudi kutoka dukani Mbarara na mujukuu wangu, bila ule muchezo wa kucheza kwa televizio wenye alikuwa amemuahidia.

Muuzaji alimwambia, "Mama, hii ni muzuri. Hapana damu, hapana bunduki. Famili yote nacheza." Akamupa mutoto ajaribu palepale dukani.

Ndani ya muchezo, batoto babili banapita pori, banatafuta kwabo. Giza likaingia. "Sasa washa moto, bapumzike," muuzaji akasema. Mutoto akawasha, kisha akashituka.

"Mama, batatuona! Fasi ya kuzima iko wapi?" Akafinya kila kidude. Moto unawaka tu.

"Hapana kuzima," muuzaji akacheka. "Ile moto ni ya kupumzika."

Mutoto akavuta kitenge cha mama yake mabegani, akafunika televizio, akabaki ameikamata kwa mikono mibili. Mama akasema polepole, "Wakati tulikimbia vita, mimi na yeye tulilala pori. Kuwasha moto ilikuwa kujiitia kifo."

Muuzaji akachomoa waya ukutani. "Imezimika, mutoto. Hapana mutu naona bale batoto."

Benye kuuza banasema muchezo ni wa batoto bote. Baliuliza damu, baliuliza bunduki. Moto, nani angeuliza? Hata mimi nisingeuliza. Siku hizi nauliza kwanza mutoto mwenyewe alipita njia gani.

Haya batoto, mulale sasa. Na wewe, mujukuu wangu muzimaji wa moto, taa naiacha inawaka. Huku hakuna mwenye anatutafuta.