Nilipokigeuza Kioo cha Ndani

Kwetu milimani Ileje, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Watu wa mjini mkisikia hivyo mnacheka. Chekeni tu. Mimi nimeolewa Mbebe miaka mingi, watoto wamekua, na sura ya yule mzee sikuwa naijua. Nilijua viatu vyake, kikohozi chake, na mgongo wake akienda shambani. Nikimwona njiani, napita migombani. Akiwa na neno na mimi anamwambia mama mkwe, na mama mkwe ananiambia mimi, hata kama wote watatu tumesimama ua mmoja.

Siku aliyozidiwa, mume wangu alikuwa upande wa Zambia na mzigo. Akanipigia simu: "Mama watoto, mpeleke mzee hospitali Vwawa. Hakuna mwingine." Kweli hakukuwa na mwingine. Nilikuwa na kigari changu cha kupelekea vitenge gulioni Isongole, basi nikatoka nacho huko, nikapanda Mbebe asubuhi ile. Majirani wakamwingiza kiti cha nyuma, mama mkwe akamkumbatia. Kifua kilikuwa kinakoroma. Hata mtoto angejua kwamba tusipowahi, tunampoteza.

Nikafunga mkanda, nikainua macho kwenye kioo cha ndani, na mvi za mzee hizo zinaingia kiooni. Toba! Nikakigeuza haraka, kikabaki kinatazama dari. Mwalimu wangu wa udereva pale Tunduma alikuwa hachoki kuimba: kioo cha ndani, cha kulia, cha kushoto, ndipo ushike usukani. Angeniona angeninyang'anya ufunguo. Lakini yeye hakuwa na mkwe nyuma.

Barabara ya kwenda Mpemba ina lami nzuri, na ina malori ya makaa ya mawe. Mbele yetu kulikuwa na trekta linajikongoja. Nikatazama kioo cha kulia: lami tupu. Nikatoka nilipite. Honi ikalia hapo hapo ubavuni, lori zima, limeshafika pale ambapo kioo cha pembeni hakionyeshi. Cha ndani kingeniambia tangu mbali. Nikarudi kushoto, tairi zikala changarawe, gari likayumba, likatulia.

Halafu nikasikia sauti ya mzee, nyembamba, inamwambia mkewe: "Mwambie ageuze kile kioo. Atatuua na heshima yake."

"Umesikia?" mama mkwe akasema. "Baba yako anasema geuza kioo."

"Nimesikia, mama. Nikimwona je?"

"Heshima si utumwa, mwanangu." Lakini naye alikuwa mtu wa kule kule. Akavua kitenge begani, akamfunika mzee kichwani kama unavyomfunika mtoto jua, akakiinua kidogo kwa kidole apate hewa. "Haya, hutamwona. Wewe tazama malori."

Nikakirudisha kioo. Kikanipa kitenge cha bluu, bega la mama mkwe, na barabara yote nyuma yetu. Nikaendesha kama nilivyofundishwa, macho yakizunguka vioo vyote vitatu. Mama mkwe akawa analeta maneno kama kawaida yake. Baba yako anasema mpishe huyo. Baba yako anasema kawia ufike. Pale Mpemba, wakati wa kuingia barabara kuu, nikasubiri mpaka malori yakaniachia nafasi, nikaingia bila kupigiwa honi na mtu.

"Baba yako anasema unaendesha vizuri."

Nilifurahi jamani, sitaficha. Hakuwahi kunisifia hata ugali. Nikanyoosha mgongo mpaka Vwawa.

Hospitalini wakaleta kitanda cha magurudumu. Mimi nikageukia ukuta wampitishe. Nikasikia muuguzi anaharakisha, halafu nikasikia haharakishi tena.

"Amefariki kitambo huyu," akasema.

"Kabla ya Mpemba," mama mkwe akajibu.

Nikageuka. "Mama! Na yale maneno?"

"Yangu. Ungelia, mwanangu, na nyuma yetu kulikuwa na lori."

Watu huniuliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Hata msibani sikulia, na najua walivyonisema. Nilikuwa nimesimama pale nikiwaza kwamba sijafunga mlango wa gari.

Mama mkwe akanishika mkono, akanisogeza kitandani. "Mtazame sasa," akasema. "Hakuna atakayekukataza."

Nikamtazama. Alikuwa mume wangu kabisa, amezeeka tu. Pua ile ile, mdomo ule ule. Simu ikaanza kuita mkobani, ni yeye, kutoka Zambia. Nikaipokea.

"Tumefika," nikamwambia.